Saidati Anafunga Kila Siku

Kuna neno moja ambalo halisemwi katika nyumba ile. Mlango wake unatazama njia ya mawe meusi inayoshuka ziwani, na upepo wa jioni ukiusukuma, watu hawaambiani waufunge. Husema, "Rudisha mulango." Mzigo hutiwa kamba. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, husema tumeingia mwezi, basi. Mgeni akisema "funga" mara moja, hutazamana. Akisema mara ya pili, mmoja wao hutoka nje, na anayebaki ndani hajui kama aliyetoka anacheka. Saidati hayumo tena katika nyumba hiyo, lakini pale alipoling'oa neno pamebaki pengo, na ulimi wa kila aliyekulia humo hulipapasa.

Alikuwa binti wa Mukamusoni, mjane aliyeuza chumvi na vitambaa katika mtaa wa Waswahili wa Gisenyi. Tangu utoto alimfuata Mukankusi, mkunga wa mtaa, akimbebea maji ya moto na wembe. Mwaka 1956, macho ya Mukankusi yalikuwa yameingia ukungu. Alitembea ameweka mkono kwenye bega la Saidati, na katika vyumba vya wazazi alimwuliza, "Unaona nini, mwana?" Saidati alisema alichokiona. Mara nyingine alichokiona hakuwa na jina lake, na mama aliyelala mkekani aliendelea kutokwa na damu huku wao wawili wakitafuta jina. Ndiyo maana alitaka kusoma kazi ile. Hakutaka kitu kingine. Lakini shule ya masista ilitaka abatizwe kwanza, na Mukamusoni alisema binti yake ana jina tayari.

Halafu ikaja habari kutoka upande wa Uganda. Hospitali moja ya misheni ya Waingereza ilitafuta msichana Mwislamu, mmoja tu, wa kufundishwa ukunga, kwa sababu wanawake Waislamu wa kule walikuwa wakijificha na uchungu wao mpaka wakachelewa. Muuguzi mkuu wao, Misi Prati, alikuwa anakuja Gisenyi kupumzika ziwani. Angemsikiliza msichana akizungumza Kiingereza, naye akiridhika, angeondoka naye.

Kiingereza kilikuwapo nyumbani. Kilikuwa cha Hitimana, kaka yake Mukamusoni, fundi cherehani aliyewahi kushona Kampala katika duka la Mhindi. Kila alasiri Saidati alikaa chini karibu na miguu yake, naye Hitimana, huku anakanyaga cherehani, alimtupia maneno kama mtu anayetupa vipande vya kitambaa.

"Shati?"

"Shati, mujomba."

"Bon. Iyo iko sawasawa, hawakubadilisha. Nguo?"

"Klozi."

"Na ile ya shingoni ya wanaume?"

"Tai."

"Chai ya asubui?"

"Brekifasti."

"Kufunga?"

Hilo walilifikia katikati ya Ramadhani, midomo ya wote wawili ikiwa mikavu. Hitimana alimeza mate ambayo hayakuwapo, akasema, "Fasti. Kufunga ni fasti. Shika iyo, maana Muzungu atataka kujua dini yako."

Saidati alilishika. Alikuwa na akili ya kupanga. Neno moja akilipata alilitandaza mpaka mwisho wake. Kama kufunga ni fasti, basi na kujifunga ni fasti, maana mwanamke wa Gisenyi havai kitenge. Gauni anavaa, sweta anavaa, viatu akiwa navyo anavaa. Kitenge anajifunga. Akisema tu "ngoja nijifunge", hakuna anayeuliza anajifunga nini. Alisikia kwamba Waingereza wana maneno mengine karibu na hapo, lakini moja lilisikika kama klozi, na klozi ni nguo, na jingine lilikuwa tai, na tai ni ya shingo za wanaume. Likabaki fasti. Hakumwuliza mjomba wake. Lilikaa vizuri mno kichwani mwake hata lisistahili kuulizwa.

Siku ya mtihani Ramadhani ilikuwa imekwisha, na ziwa lilikuwa na rangi ya bati. Misi Prati alikuwa amepanga nyumba ya wageni upande wa Nengo, na alimpokea Saidati barazani, mbele ya meza yenye birika na sahani ya biskuti. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyonawa sana. Alizungumza taratibu. Aliuliza jina, mtaa, mama. Saidati alijibu yote, na kila jibu lilimkalia mahali pake kama kifungo. Kisha Misi Prati akasema wazungumze jambo jepesi, la kila siku. Amweleze mavazi yake: asubuhi anavaa nini, kabla ya kutoka nyumbani?

Saidati karibu acheke. Mavazi! Mpwa wa fundi! Alisema anavaa gauni, gauni lina mikono na pindo. Anavaa sweta ikiwa baridi inashuka kutoka milimani. Halafu, kabla ya kutoka, "ninafasti."

Misi Prati alitikisa kichwa kwa heshima. Alijua Waislamu hufunga, na aliona msichana anataka kuongea dini. Akauliza kama ni katika ule mwezi wao.

"Hapana, Madamu. Kila siku."

"Kila siku? Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Mama yangu pia. Wanawake wote wa mtaa."

Muuguzi yule alimtazama mikono, shingo, weupe wa macho. Alikuwa amezoea kutafuta njaa katika miili ya watu. Akaona labda Kiingereza kimekwama, akahamia Kiswahili alichojifunza kitabuni.

"Saidati, unafunga kila siku?"

"Kila siku, Madamu. Mutu atatoka inje bila kufunga?"

"Na unafungua lini?"

"Usiku, wakati ya kulala."

"Hata siku za jua kali?"

"Jua ikiwa kali nafunga ya mwepesi."

"Na ukiwa mgonjwa?"

"Ah, siku ya bugonjwa nafunga ile ya zamani." Alimaanisha kitenge kilichopauka, kisichoogopa kutapikiwa. Akaongeza, ili aonekane msichana mwenye mpango, "Na siku zingine nalala bila kufungua."

Misi Prati hakumsukuma zaidi. Alimmiminia chai na kusogeza sahani. Saidati alichukua biskuti moja, kisha ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndogo, kisha ya tatu kwa sababu mwenyeji alikuwa anamtazama sana naye alidhani kukataa ni utovu wa adabu. Ilikuwa mchana kabisa. Misi Prati akamwuliza kwa Kiingereza, polepole sana, kama amekwisha kuivunja fasti yake. Na kuvunja fasti, kwa lugha ile, kunakaribia kuwa neno lenyewe la chai ya asubuhi.

"Ndiyo, Madamu," Saidati alijibu kwa furaha. "Brekifasti. Uji na kiazi."

Kikombe cha Misi Prati kilirudi kwenye kisahani chake.

Alichosema baada ya hapo alikisema kwa Kiingereza, na Saidati alikisikia chote. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba kila neno alilisikia. Alisema Kiingereza chake ni kizuri. Anasikia, anajibu, haogopi. Lakini amesema anafasti mpaka usiku, na huku amekunywa uji asubuhi, na anakula biskuti mchana. Yeye, Misi, hajui ashike lipi. Hospitalini, mtu huishi au hufa kwa neno la muuguzi. Samahani sana.

Saidati aliteremka njia ya ziwani hajui alipokosea. Nimejifunga, nimekula biskuti, yanagombana wapi? Alijitazama kitenge. Kilikuwa kizuri, cha ndege wekundu, cha kuazima. Aliwapita wauza samaki bila kuwasalimu, mmoja akamwita, "We Saidati, leo umekuwa Muzungu, sisi hutuoni?" Hakugeuka.

Nyumbani Mukamusoni alimkalisha, akamfanya arudie mambo yote mara mbili.

"Donc, alikasirika juu ya kula?"

"Hakukasirika, mama. Aliuzunika."

"Biskuti ngapi?"

"Tatu."

"Yoo! Tatu ni mingi, sha."

"Hapana, si biskuti. Alisema nimefasti, na tena nakula."

Mukamusoni alifikiri. "Labda kwao mutu anavua kitenge mbele ya kula. Wazungu wana mambo. Umeona namna wanakula na uma, labda kitenge inachafuka."

"Mama, ye mwenyewe hana kitenge."

"Ndiyo. Alishavua!"

Mukankusi, aliyekaa pembeni na macho yake ya ukungu, alicheka mpaka akakohoa. Lakini Saidati hakucheka, na kwa sababu hakucheka, Mukankusi akaacha, na nje wakasikika watu wakitoka msikitini.

Hitimana alirudi usiku ukiingia. Alimtaka aseme kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, kama alivyosema mbele ya Misi. Saidati akasimama, akasema: gauni, mikono, pindo, sweta, ninafasti.

"Unafanya nini?"

"Ninafasti. Hivi." Akashika ncha za kitenge kiunoni, akazikaza.

Hitimana alifungua mdomo kucheka, kisha akaufumba. Akakaa juu ya gunia la chumvi. "Mana yanjye, Mungu wangu," alisema. "Ulimwambia unashinda njaa mwaka muzima. Na kisha ukamumalizia biskuti."

Asubuhi walikwenda Nengo wote wawili. Gari la Misi Prati lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, masanduku yamepangwa nyuma. Hitimana alianza kueleza, akajikwaa, akaomba msamaha kwa niaba ya lugha mbili. Saidati aliona maneno yanaanza tena kumponyoka. Akasogea mbele. Juu ya gauni lake akakifungua kitenge, akakikunjua chote, ndege wekundu wakakaa wazi katika upepo wa ziwa. Kisha akakizungusha, akakaza.

"Fasti," alisema. "Kila siku."

Misi Prati alielewa. Alielewa ghafla, akajifunika uso kwa mikono yake mikubwa, akacheka hadi machozi yakamtoka, akamshika Saidati mabega, akamwambia kwa Kiswahili kwamba yeye si mwongo, hakuwa mwongo hata kidogo, na kwamba yeye mwenyewe, Misi, amelala vibaya usiku kucha. Hitimana alicheka pia. Dereva akacheka, hajui kwa nini.

Kisha Misi Prati akaacha kucheka, na uso wake ukawa ule wa jana.

"Lakini, Saidati, nisikilize," alisema. "Daktari ataniambia, funga kitovu cha mtoto. Nitakuambia kwa Kiingereza. Baadaye ataniambia, mgonjwa huyu afunge, asile kitu, kesho anapasuliwa. Nitakuambia. Baadaye nitakuambia, funga dirisha. Kwako yote ni neno moja. Nitajuaje ni nani uliyemfunga kamba na nani uliyemnyima chakula?"

"Niambie ayo maneno tatu, Madamu. Nitayashika leo. Sasa hivi."

"Utayashika, najua. Si hayo matatu ninayoogopa. Ninaogopa yale ambayo mimi na wewe hatuyajui bado."

Jana Kiingereza chake kilipita, yeye akaanguka. Leo yeye alikuwa amepita, Kiingereza kikaanguka. Alisimama pale akijaribu kulichukia neno la yule mwanamke, na hakuweza, kwa sababu aliwakumbuka akina mama waliolala mkekani, yeye na Mukankusi wakitafuta jina la kitu kilichokuwa mbele ya macho yao. Misi Prati alisema jambo lile lile. Kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumkasirikia, na hasira isiyo na mtu ilimchanganya kuliko mtihani.

Misi Prati aliahidi kurudi mwaka uliofuata. Hakurudi. Alikuja mwingine, naye alitafuta mvulana wa kupanga dawa.

Saidati alibaki na Mukankusi mpaka yule mzee alipokufa, kisha akafanya kazi peke yake, kwa mikono na kwa kuuliza. Aliolewa na mchukuzi wa mizigo, wakapanga chumba karibu na mama yake, katika ile nyumba ya njia ya mawe meusi, akazaa watoto wanne. Wanawake walikuja kumwita kutoka Rugerero, wengine kutoka Busasamana kwa miguu. Hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu. Katika miaka ya mwanzo watoto wa njia ile walimwimbia, "Saidati, umefunga leo?" Aliwapita ameinua kidevu. Nyumbani tu ndipo alipogonga meza na kusema lile neno asilisikie tena humu ndani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kugonga meza, hawakulisema tena.

Lakini kuna jambo moja ambalo watoto wake wanalisimulia na hawakubaliani maana yake. Mgeni yeyote aliyejua Kiingereza, mwalimu, dereva wa lori la Kampala, mwanafunzi, alipewa chai, na kabla hajaimaliza Saidati alimwonyesha kitu. Mlango. Kamba ya mbuzi. Sahani tupu ya mgonjwa. Alitaka jina lake. Alipopewa alilirudia kwa sauti ndogo, akarudi jikoni. Mmoja wa watoto anasema alikuwa anajiandaa miaka yote hiyo. Mwingine anasema alikuwa anahakikisha kwamba yule Misi alikuwa na haki. Mwenyewe hajawaambia.

Saidati anaishi Goma sasa, kwa binti yake wa pili, katika nyumba ya mbao karibu na soko la Virunga.