Kuku Asiye na Rangi

Kuku wetu niliwahesabu mara mbili: arobaini. Ishirini wangu, ishirini wa wifi yangu, wote banda moja nyuma ya nyumba, mtaani Gikondo. Chanjo ya kwanza ya mafua ya ndege walichomwa bila ugomvi. Wiki kadhaa baadaye daktari wa mifugo akarudi na chupa nyingine, lebo nyingine. Wifi akasimama mlangoni.

Sisi tunaouza soko la Kimironko tuna ugonjwa wetu: ukibadilisha chupa, basi ya kwanza ilikuwa feki. Mafuta ya kupikia yametufunza.

"Wangu hawachomwi tena," akasema.

Banda ni moja. Ugonjwa ukiingia hauulizi kuku ni wa nani. Daktari alieleza kwa upole kwamba ya kwanza inaujulisha mwili adui, ya pili inaukumbusha, na ikija kwa sura tofauti kidogo, huenda kingamwili zikawa nyingi zaidi na zikakaa muda mrefu. Mimi simwamini mtu kwa upole wake. Nikambana: apime damu kabla, apime na baadaye, tena kuku nichague mimi. Alitaka watano. Tukakubaliana kumi, wote wangu.

Nikawafunga nyuzi nyekundu miguuni, kila uzi na mafundo yake, moja mpaka kumi. Kila kuku wangu aliyechomwa ya pili alipakwa rangi ya buluu chini ya bawa. Muda wote huo wifi alinipigia kelele mlangoni, nami nikamjibu zote.

Vipimo vya kwanza, vya kabla ya sindano ya pili: kingamwili zipo, ila chache. Majirani wakacheka, nikawaacha wamalize. Vya pili, vya baada yake: kwa kuku tisa zimepanda sana, kwa mwenye mafundo saba ziko palepale.

"Na huyo, sha? Dawa ilimwogopa?" wifi akanidhihaki.

Nikaingia bandani, nikageuza mabawa yote, nikarudia. Kumbe kuku nilihesabu mara mbili, rangi sikuhesabu hata mara moja. Nikamtoa nje nikamwekea wifi mikononi.

"Hesabu mafundo. Sasa nitafutie rangi."

Akatafuta bawa la kulia, la kushoto, akarudia la kulia. Hakuna. Wakati tunajibizana, huyu alipita bila sindano.

Akamshika vizuri, akaniuliza:

"Muganga wa kuku iko narudi lini?"

"Jumanne. Huyu wa kwanza, wako ishirini wanafuata. Na rangi utapaka wewe, mimi nitahesabu."