Jino la Dhahabu la Bibi Hosiyat

Bibi Hosiyat wa Bukhara alikuwa na jino la dhahabu, na asikudanganye mtu, alilionea fahari kuliko nyumba yake. Marehemu mumewe ndiye aliyemvisha, mwaka walipopata mtoto wa kwanza. Kwa hiyo lilipoanza kumkwaruza shavu kwa ndani, bibi alinyamaza. Zawadi ya marehemu utaishtaki kwa nani?

Mwaka wa pili ulimi wake ukakuta kinyama kigumu, kama punje ya njegere. Hakikuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu. Jirani yake Zulayho alianza vivyo hivyo, saratani ikamzika kabla zabibu hazijaiva. Hosiyat hakumwambia mtu. Alifungua sanduku lake la mauti, maana kila bibi wa pale analo, akapanga vitambaa vya kugawiwa watakaomwosha na watakaomlilia. Alipoona hariri ya mistari haitoshi, akaenda sokoni kununua nyingine. Ukaidi huo jamani! Muda wa kushughulikia mazishi anao, wa kumwona daktari hana.

Oygul, mke wa mwanawe, alimkuta anakunja vitambaa.

"Mama, unahama?"

"Napanga tu, mwanangu."

"Na mkate mbona siku hizi unatafunia upande mmoja?"

Bibi machozi yakamlengalenga. Akafungua mdomo, akamwonyesha.

Kesho yake walikuwa hospitali. Daktari alikikata kile kinyama, akakipeleka kupimwa. Siku tisa hata wali wa karoti haukumpita kooni. Siku ya kumi wakaitwa.

"Si saratani," daktari alisema. "Ni nyama iliyoota kwa kukwaruzwa muda mrefu. Dhahabu yako imechongoka ukingoni. Tusipoivua, kinyama kitarudi."

"Alinivisha mume wangu."

"Angejua inakuumiza, angeivua mwenyewe."

Hosiyat akacheka huku analia. Moyo ulikuwa mwepesi mpaka akaona aibu. Kisha akaachama, dhahabu ikavuliwa, akaifunga kwenye leso.

Walipofika nyumbani, Oygul akasikia mkasi. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku, ile hariri ya mistari ameitandaza sakafuni, anakata gauni.

"Mama, hiyo si ya mazishi?"

"Wa kunililia watasubiri," alisema Hosiyat. "Njoo unipime kiuno."