Mkeka wa Kumzikia Bibi

Alikufa asubuhi, na kabla maji ya kumuoshea hayajapata moto, wanaume walishatuma mtu sokoni akanunue mkeka wa plastiki. Hasira yangu ilianzia hapo. Mwanamke aliyeisukia mikeka nusu ya Musoma, eti aende kaburini amefunikwa plastiki ya kijani yenye picha ya tausi.

"Babu, mkeka wake mwenyewe uko wapi?" nilimuuliza mdogo wake Bibi, mzee aliyesimamia msiba.

"Mwanangu, si unamjua? Aliuzaga yote. Hata wa kulalia aliuza."

Nilimjua sana. Hakuwa bibi yangu wa damu. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, mtoto wa wakulima wa Butiama, na nililetwa kwake nijifunze kazi miaka ile maduka yalipobaki rafu tupu. Godoro hulipati, sabuni mpaka upange foleni, lakini ukindu ulijiotea kando ya ziwa kule Mugango bila kibali cha mtu. Bibi aliukausha, akausuka kuwa kili, mikanda mirefu myembamba, kisha akaishona ukingo kwa ukingo mpaka ikawa mkeka. Wakubwa wa maofisini walikuja kumbembeleza. Enzi ya Ruksa ilipoingia, biashara ikafunguliwa na plastiki zikajaa, alipanda gari hadi Bunda kwenda kuziona. Akageuza mkeka mmoja, akaunusa, akamwambia muuzaji, "Baba, hii ni ndoo mmeikunjua." Akarudi nyumbani akaendelea kusuka, wateja wasionekane, na sisi tukala ugali kwa dagaa bila hata kitunguu.

Nilimpenda, na alinichosha. Akikuta kosa kwenye kazi yako aliifumua yote mbele yako, polepole, huku akikuuliza habari za nyumbani.

Basi nikaingia chumbani kwake kupekua. Chini ya kitanda nikakuta gunia la kili zilizokwisha kusukwa, bado kushonwa tu. Maziko yalikuwa baada ya alasiri. Nikamwita mwenzangu aliyefundishwa na Bibi baada yangu, mke wa mfanyabiashara wa Bunda, tukakaa uani, kila mmoja na shazia yake, ile sindano ndefu ya mikeka. Tukakubaliana kila mtu ashone nusu, halafu tuziunganishe.

Hatukufika mbali.

"Dada, unashona kinyume," akasema.

"Wewe ndiye unashona kinyume."

"Bibi alinifundishaga sindano inatokea kulia. Alisema njia ni hiyo moja."

"Mimi alinifundishaga inatokea kushoto. Na alisema njia ni hiyo moja."

Mimi natumia mkono wa kushoto. Miaka yote hiyo alikuwa akimpa kila mtu njia ya mkono wake, na kumwapia kila mmoja kwamba nyingine haipo. Na sasa huwezi kumuuliza, yuko ndani anaoshwa. Nilitamani niingie nimwamshe, tugombane kidogo, kisha alale.

Tulishona hivyo hivyo, kila mtu na ubishi wake. Nusu mbili zilipokutana, nyuzi zikalala huku na huku, na mshono wa katikati ukavimba vibaya mno. Muda wa kurudia haukuwepo. Wanaume walikuwa wanaita mlangoni, tukawapa. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo tukabaki tukiwasikiliza wanavyotokomea. Angalau, nikajiambia, atafunikwa na kazi ya mikono yake.

Waliporudi, mdogo wake alikuwa ameubana mkeka wetu kwapani. Ule wa tausi ndio ulioingia kaburini.

Nilimwambia maneno ambayo mfiwa haambiwi. Nilimwambia amemdhalilisha dada yake, kwamba tumeshona mpaka vidole vikachubuka, kwamba yeye na plastiki yake wote ni wale wale. Alinisubiri nimalize. Akavua kofia, akaketi kizingitini.

"Yule nimeshamzika mimi," akasema. "Nyie mmebakiwa na nini chake?"

Akautandika mkeka miguuni petu, na hilo liliniudhi kuliko yote ya siku ile.

Matanga yote tuliulalia, mwenzangu upande wake na mimi upande wangu. Ule mshono ulituchoma mbavu, na hakuna kati yetu aliyekubali kuufumua.