Idrisi Husali Juu ya Sanduku la Bunduki

Asubuhi hii, huko Kinoru, mjini Meru, Idrisi bin Kinoti anafunika sanduku refu la mbao kwa ngozi mbichi za mbuzi. Zinanuka. Jirani anapita ameziba pua, na Idrisi anacheka kidogo. Hivyo ndivyo anavyotaka.

Ndani ya sanduku mna bunduki nne za kuwindia. Mwenyewe ni mzungu mmoja anayepokea wageni wa kuja kuwinda nyati, na wageni hao wanazingoja Embu. Idrisi ndiye dereva. Mwaka huu wa 1955, Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, ikiwa bado imetukaba koo, Mwafrika akikutwa na risasi moja tu ya magendo anaweza kunyongwa. Idrisi hubeba bunduki nzima nzima, za mtu mwingine, kwa mshahara wa kununulia unga.

"Zikifika, ni kazi ya bwana," anasema. "Zikipotea, ni kazi yangu."

Bwana alimpa sanduku la ngozi laini, jina lake limepigwa juu kwa herufi za dhahabu. Idrisi alilitazama akaona ni sawa na kumwita mwizi kwa tarumbeta. Akalitia ndani ya hili la mbao, akamwomba shemeji yake mchinjaji ngozi. Mbuzi wamechinjwa kwa Bismillahi, asema, kwa hiyo ngozi si haramu, pua tu ndiyo inayolalamika.

Vile vyuma vinavyosukuma risasi hung'olewa kwenye bunduki na kuzikwa katika mfuko wa unga chini ya kiti chake. Risasi zenyewe husafiri na bwana, siku nyingine. Mwizi akilipata sanduku, atakuwa amepata mabomba matupu. Hata Muthamia, mtu mzima anayepakia na kupakua naye tangu aanze kazi hii, hajui siku ya safari mpaka aambiwe panda twende. Idrisi ameniruhusu mimi, mwandishi ninayesafiri naye, kuyaandika haya kwa sababu moja: wiki ijayo atakuwa ameyabadilisha yote.

Lori linashuka kuelekea Chuka, Muthamia yuko nyuma na sanduku. Ndipo anaponisimulia habari za Rashid.

Rashid ni kaka yake, na kazi hii ilikuwa yake. Adhuhuri ikiingia alizoea kusimamisha lori kwenye kijito kimoja karibu na Karurumo, kwa kuwa maji yake ni safi ya kutawadhia, na kutandika mkeka chini kando ya gurudumu. Kila safari kijito kilekile. Wezi hawakuhitaji kupeleleza. Siku moja walingoja asujudu, na alipotoa salamu sanduku halikuwapo.

Polisi hawakuamini. Walisema amewapa watu wa msituni wanaopigana na serikali. Mahakamani hakupelekwa, maana ushahidi haukuwapo, lakini kambi ya kizuizini haitaki ushahidi. Huu ni mwaka wake wa pili humo. Mke wa Rashid, Mwanatatu, humpikia Idrisi chakula cha njiani kila safari, na hamwambii neno isipokuwa asisimame njiani.

Nauliza bwana alifanywa nini. Idrisi anabadilisha gia kwanza.

"Alipigwa faini. Akaagiza bunduki nyingine."

Kabla ya Runyenjes, watu watatu waliovaa sare za Homu Gadi, walinzi wa vijijini wa serikali, wanatoka kwenye mibuni na kuinua mikono. Hakuna kizuizi barabarani, hakuna mti uliolazwa. Sare huibwa kama kitu kingine chochote, na Idrisi analijua hilo. Lakini kama ni gadi wa kweli na asiposimama, watapiga risasi. Anapunguza mwendo, anaonyesha mbele kwa mkono, anawapita polepole na kwenda kusimama mlangoni pa kambi ya gadi, Runyenjes, mahali ambapo wezi hawathubutu kumfuata.

Watatu wale wanafika wanahema. Ni gadi wa kweli. Walitaka kubebwa tu. Mkubwa wao, mmoja aitwaye Nyamu, anamteremsha Idrisi kwa ukosi wa shati na kumpiga kofi mbele ya akina mama waliotoka sokoni. Idrisi anaomba radhi. Anatoa kipande chake cha utambulisho, anatoa kibali cha bunduki, anaomba radhi tena. Hajakosea hata kidogo, na mimi mwenye kalamu naificha mfukoni.

Adhuhuri imeingia. Idrisi anatawadha kwa maji ya debe, anapanda nyuma ya lori, anatandika mkeka wake juu ya zile ngozi, juu ya sanduku, na kuelekea Kibla. Amesali hivyo tangu Rashid achukuliwe. Paji lake la uso likigusa mkeka, bunduki ziko chini yake, na hakuna atakayezichukua bila kumwinua yeye kwanza.

Nyamu anawaita wenzake. "Kujeni muone. Huyu anaabudu bunduki ya mzungu."

Wanacheka sana. Idrisi hakatizi sala. Muthamia ameinamisha uso, anafunga kamba iliyokwisha kufungwa.

Tukifika Embu, bwana anafungua sanduku na kupapasa bunduki moja moja, zote nne. Anaridhika. Analalamikia harufu tu, wageni hawataipenda. Shavu la Idrisi limevimba upande wa kushoto, na bwana anazungumza naye akiutazama upande huohuo, asiulize kitu.

Jioni, tukiwa tumeketi kwenye bodi ya lori tukila viazi na maharage ya Mwanatatu, namuuliza Idrisi anatumaini nini. Nilidhani atasema duka, au lori lake mwenyewe.

"Rashid akiachiliwa, nitamfuata na lori tupu," anasema. "Tutasimama kwenye kijito kilekile, tutandike chini, sisi wawili. Nataka kusujudu kwenye udongo, nisikie maji tu. Sasa hivi nikisema Allahu Akbar, masikio yangu yako nyuma, yanasikiliza nyayo. Hata sijui kama sala hizo zinafika."