Uwele Ulionuka Moshi

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja jioni, jirani yetu alipopiga hodi akiwa na bakuli letu la maua, amelifunika kwa kitambaa. Mama alikuwa amempelekea boga humo, na kwetu Chang'ombe chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukipelekewa mboga unarudisha hata chumvi.

Nilimwamkia nikakimbilia jikoni. Wageni wakija mimi huwa na kazi jikoni, hata moto ukiwa umezimwa. Kwa hiyo niliwasikia tu wakitaniana. Mama, Mgogo wa jembe tangu utotoni, alimuuliza kama mikono ya watoto wa wafanyabiashara kama yeye imeshalizoea jembe. Jirani akasema imelizoea, ila jembe ndilo halijaizoea mikono. Mama ndiye aliyemfundisha kulima, baada ya mume wa jirani na baba kupunguzwa kazini siku moja. Shamba lake lilipakana na letu, nje ya mji.

Baba alichukua kiinua mgongo chake akaenda Mpwapwa kununua mahindi, kwa kuwa biashara ya nafaka sasa ilikuwa ruksa kwa kila mtu. Mume wa jirani alichukua chake akaenda kutafuta maisha, na hakurudi. Basi sebuleni kwetu magunia yalipangwa hadi dirishani, nami nikawa nalala kwenye kona iliyobaki, vumbi la mahindi puani. Baba alisubiri bei ipande. Shuleni somo la siasa lilikuwa limegeuka uraia, mwalimu yuleyule, chaki ileile, na mimi sikujua tena lipi kati ya aliyotufundisha niliamini.

Jirani alipoondoka, mama akafunua bakuli. Uwele. Akauchota kiganjani, akaunusa, akaninusisha na mimi. Ulinuka moshi. Nafaka ya kula hukaa kwenye gunia. Inayoning'inizwa juu ya jiko ili wadudu wasiiguse ni mbegu. Na mawingu yalishaanza kukusanyika.

"Ametuletea shamba lake," mama akasema.

Kuurudisha palepale ingekuwa kumwambia tumejua hana kitu kingine nyumbani. Kuutwanga ndiyo kabisa hapana. Bakuli likakaa juu ya gunia, na kila nilipopita nililiona.

Tulipokuwa tunakula mama akamweleza baba. Baba akasema kwani yeye amemkataza nani. "Akija mwenyewe kuomba, sitamnyima."

"Anayedaiwa hapigi hodi," mama akajibu. "Nikimpelekea unga leo, kesho ataleta jembe."

Baba akanigeukia mimi, eti ada yangu imo ndani ya magunia hayo, nisifikiri anayakalia kwa raha. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniudhi. Nilitaka kusoma. Nilitaka pia jirani apande. Nikainuka kunywa maji, nikakaa, nikainuka tena, mpaka mama akaniuliza kama nimekalia siafu.

"Na kama sisi ndio tunadaiwa na yeye?" nikasema. Wote wawili wakanitazama, maana kwenye chakula huwa sisemi. "Mwenye kudai si huingia tu?"

Baba alitafuna taratibu. Hakunikubalia. Alisema neno lake ni lilelile, akija hatamnyima.

Asubuhi kabla ya shule nilijifunga kanga ya mama, nikachukua jembe na lile bakuli, nikaenda shambani kwa jirani. Nikaberega, kama tunavyofanya huku mvua ikikaribia: hulimi kwanza, unachimba kishimo kwenye udongo mkavu, unadondosha mbegu, unafukia kwa mguu. Uwele uliisha kabla ya shamba kuisha.

Nilipita kwake nikamkuta anafagia uani. Nikamwamkia, nikamwambia uwele wake uko shambani kwake, nikamkabidhi bakuli likiwa tupu. Akatazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Hatukupata cha kutia," nikasema, ingawa mtaa mzima unajua magunia yetu. "Kwa hiyo unatudai. Na mwenye kudai huingia tu."

Nikaondoka haraka kwenda shule, udongo bado miguuni, kabla hajanijibu.