Jumapili zisizo na magari, baiskeli ya baba, na mtani wetu wa Kunduchi

Wakuu, poleni na foleni za Mwenge na Tegeta.

Juzi nimekaa kwenye hiyo foleni mpaka miguu ikafa ganzi, nikaikumbuka hii stori. Nikasema niishushe hapa kabla uzee haujaninyang'anya.

Hii siyo chai. Yalitokea nyumbani kwetu, mimi nikiwa binti niliyemaliza shule, nasubiri kwenda chuo cha ualimu.

Vijana hamtaamini, ila enzi za Ujamaa kuna kipindi mafuta yalikuwa adimu sana. Serikali ikapiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Uwe nani, saa nane ikifika unaegesha. Yanabaki ya kibali maalumu na basi moja moja.

Barabara ya kwenda Bagamoyo ilikuwa inanyamaza kabisa. Unasikia mnyororo wa baiskeli yako na ndege kwenye mikorosho. Ndiyo, mikorosho. Hapo Mbezi mnapolipa kodi za kutisha palikuwa na mikorosho na mbuzi.

Watu walilalamika sana kuhusu ile marufuku. Mimi mpaka leo naishukuru, na sababu ni baba yangu.

Baba alikuwa karani wa dirishani kwenye ofisi moja mjini. Kazi yake ilikuwa kusema na watu kutwa nzima. Lete hiki, jaza hapa, njoo kesho. Mnyamwezi wa Tabora, mcheshi kupita kiasi, anapenda watu. Tulikaa Kawe, kwenye nyumba ya kazini.

Kisha akapata kiharusi.

Alipona, tunamshukuru Mungu, ila upande wa kushoto ukawa mzito na mdomo ukapinda kidogo. Maneno yalikuwa yanatoka kwa kuburuzwa. Daktari alisema azoeze viungo na aongee, aongee sana.

Siku moja akajikongoja mwenyewe mpaka kwenye foleni ya sukari. Akasalimia. Jamaa mmoja akacheka, akasema, "Huyu mzee leo kaanza mapema." Alidhani kalewa. Na baba hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote, wakuu.

Alirudi nyumbani, akafunga mdomo. Wiki zikapita. Akiangalia jagi, tunamletea maji. Akiangalia mlango, tunafungua. Wageni wakiuliza hali yake, mama anajibu. Tulijua tunamsaidia.

Kisha bosi wake akaja kumjulia hali. Mtu mstaarabu, hakuzunguka. Akamwambia mama kwamba karani wa dirishani asiyesema na watu hawana pa kumweka. Likizo ya ugonjwa ikiisha bila mabadiliko, atastaafishwa, tuachie nyumba, turudi Tabora. Baba alikuwa palepale kwenye kiti anasikia kila neno. Usiku ule mama alilia akiwa jikoni, akisingizia moshi.

Sasa ishu ya baiskeli.

Baba alikuwa na baiskeli ya Kichina, nzito, aliyoipenda kuliko redio. Tangu augue alikuwa anaifuta vumbi tu. Kuendesha barabarani aliogopa magari, maana mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa. Jumapili moja mchana nikaitoa nje, nikamwambia, "Baba, barabara haina mtu. Twende."

Akaupapasa usukani. Halafu akavaa viatu.

Mwanzoni alikuwa anaisukuma tu, mimi nimeshika keria kwa nyuma. Jumapili iliyofuata akapanda. Tukaanguka mara kadhaa, na raha ya barabara tupu ni kwamba unaanguka kwa amani. Hakuna honi, hakuna wa kukucheka. Unajikung'uta, unapanda tena.

Nikaazima baiskeli ya jirani, tukawa tunakwenda wawili. Kila Jumapili tunasogea mbele zaidi. Hatimaye tukafika Kunduchi, kwenye mabwawa ya chumvi.

Wakuu, pale ni pazuri. Mabwawa mapana yamekaa kimya, maji yana rangi ya mbingu, kandokando chumvi imeganda nyeupe. Katikati kuna matuta ya udongo unayoweza kuyazunguka kwa baiskeli, ndege wenye miguu mirefu wanakuangalia bila wasiwasi. Baba alizunguka bwawa zima polepole, mimi nyuma yake. Nilimwona mgongo wake umenyooka. Nilifurahi, ila moyoni nilikuwa nahesabu likizo inavyoisha.

Wakati wa kurudi tukasimama kwa mama mmoja anayekaanga samaki na mihogo karibu na njia. Mtu mzima, mweusi tii, kanga kiunoni, sauti kubwa. Walimwita Bi Tatu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Nyie watu wa wapi?"

Baba akatazama chini. Nikajibu mimi. "Tunatoka Kawe, bibi. Ila kwetu hasa ni Tabora. Sie Wanyamwezi."

Yule mama akaacha mwiko kwenye mafuta.

"Wanyamwezi! Mpagazi wangu huyu! Mie Mzaramo, na nilikuwa nasema leo mzigo wangu nani atanibebea!"

Kwa wasiojua: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara iliyokuwa inashuka kutoka bara mpaka pwani. Mtani anakutukana hadharani, anachukua kitu chako, na huruhusiwi kununa. Dawa yake ni moja tu, umjibu. Ukinuna umeshindwa.

Bi Tatu akaishika baiskeli ya baba, akaiingiza nyuma ya banda lake, akakaa juu ya keria kama yuko kwenye kochi.

"Hii yangu sasa. Mababu zako wamekuja toka Tabora kwa miguu na pembe za ndovu kichwani, wewe unakuja na magurudumu? Rudi kwa miguu!"

Watu pale wakacheka. Mimi nikaona aibu, nikamsogelea nikamnong'oneza, "Bibi, tusamehe. Baba ni mgonjwa. Hawezi kusema."

Akanigeukia mkali kweli.

"Wewe mtoto, nani kakuuliza? Mtani wangu yule pale, mdomo anao, nauona. Umepinda, lakini upo!"

Jamani, nilitaka ardhi inimeze. Hakuna mtu aliyewahi kuutaja mdomo wa baba mbele yake. Hata kwetu lilikuwa neno la kunong'ona.

Nikamtazama baba. Alikuwa amesimama, mashavu yanatetemeka. Nikajua analia. Jua lilikuwa linashuka na Kawe ni mbali, na bila baiskeli asingefika. Nikaanza kumsihi tena yule mama.

Ndipo nikasikia nyuma yangu.

"M... Mzaramo..."

Hata wale waliokuwa wanakula wakaacha kutafuna.

"Mzaramo wewe... kazi... umeijulia wapi? Unangoja nazi... ianguke yenyewe!"

Ilitoka polepole, imeburuzwa, neno kwa neno, lakini ilitoka. Na mashavu hayakuwa yanatetemeka kwa kilio. Alikuwa anacheka.

Bi Tatu akaweka mkono sikioni. "Sijasikia! Wapagazi mnasemaga taratibu hivyo? Rudia!"

Baba akarudia kwa nguvu. Mara ya tatu akaongezea na la ngoma, kwamba Mzaramo akisikia ngoma anaacha hata mtoto kisimani. Banda zima likaangua kicheko, na safari hii walikuwa wanacheka naye. Bi Tatu akashuka kwenye keria huku anafuta machozi, akarudisha baiskeli. Akatufungia samaki kwenye gazeti, akasema, "Mle mshibe, msije mkasema Mzaramo kawaua kwa njaa. Jumapili ijayo nataka tusi jipya, hilo la nazi limechacha."

Njiani baba alikuwa anaendesha mbele. Ghafla akasema bila kugeuka, "Mwanangu... samaki... wasidondoke." Mimi nililia mpaka Kawe, na barabara ilikuwa tupu, hivyo hakuna aliyeniona.

Basi ikawa ndiyo Jumapili zetu. Saa nane ikifika tuko barabarani. Tunazunguka bwawa, kisha tunapita kwa Bi Tatu, wanatukanana mpaka sauti zinakauka.

Katikati ya wiki mama alikuwa anamsikia baba chumbani ananong'ona peke yake, anarudia maneno yaleyale. Akaniambia kwa furaha kwamba baba amekuwa mtu wa sala. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba anafanya mazoezi ya matusi.

Likizo ilipoisha, bosi alikuja tena. Baba mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango na kumkaribisha. Maneno yalikuwa bado mazito, ila yanaeleweka. Akarudi dirishani kwake, na nyumba hatukuiachia mpaka alipostaafu kwa umri.

Mama alichukua doti ya kanga akaipeleka Kunduchi kushukuru. Bi Tatu aliikataa, na alikuwa serious kabisa. "Mie nimemtukana mumeo, unaniletea zawadi? Ukinishukuru utani umekwisha. Rudi nayo." Mama akarudi nayo.

Miaka mingi baadaye tukapata habari kwamba Bi Tatu amefariki. Baba alishakuwa mzee kweli. Tukaenda. Akaingia katikati ya msiba, watu wamekaa kwenye mikeka wanalia, akasimama akasema kwa sauti ya dirishani, kila neno limenyooka:

"Mzaramo! Umekimbia bila kunijibu tusi langu la mwisho. Nani kakupa ruhusa?"

Watoto wa Bi Tatu wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwachekesha wafiwa. Kisha baba akakaa chini, akalia kama mtoto.

Nilichojifunza, wakuu: tulimhurumia baba mpaka tukamnyamazisha. Bi Tatu hakumhurumia. Alimchukulia kama mtu mzima anayeweza kujibu, akamsubiri ajibu.

Mwenye mgonjwa nyumbani, mwache aongee, hata akichelewa. Na wenye stori zenu za zile Jumapili, au za watani waliowahi kuwaokoa, dondosheni hapo chini, nitasoma zote.

Bi Tatu hakuturuhusu kumshukuru, na mimi sikutaka kuua utani wa baba, kwa hiyo hatukuwahi kusema ahsante. Kama kuna mjukuu wake humu anayesoma: ukoo wenu mzima ni wavivu, na ngoma ndiyo mliyosomea. Najua utaelewa ninachosema. Nijibu.