Kinyonga, Kolibri na Shamba la Pamba

Jumapili iliyopita, kabla ya misa ya pili, tulimpoteza mtu mmoja hapa Kasongo aliyenijua kuliko nilivyopenda kujulikana. Wasomaji wangu wanisamehe. Leo sitalalamikia barabara.

Tulikuwa vijana, enzi za Wabelgiji, na kila mwanamume alipimiwa shamba la pamba la lazima huku kapita, msimamizi wao, akipita na fimbo yake. Akafika kijijini kwetu, Kabambare, Mzungu mkusanyaji wa wanyama, akataka mtu mmoja wa kuwatunza. Huyo angesamehewa pamba. Tulijitokeza wawili tu, mimi na huyo marehemu, maana ndani ya kikapu chake mlikuwa na kinyonga hai, na kwetu kinyonga haguswi. Kwanza alituonyesha ndege mkavu wa Amerika, kolibri, mdogo kama kidole gumba. Akatulinganishia: wote wana ulimi mrefu, mmoja wa kunasa nzi, mwingine wa kulamba utamu wa maua, mmoja humaliza asubuhi nzima akivuka tawi, mwingine hupiga mbawa hadi hazionekani. Koo la ndege liliwaka jekundu lilipogeuziwa jua, likazimika kivulini. Kinyonga hakungoja kugeuzwa. Rangi aliibadilisha mwenyewe. Mimi niliyesoma kidogo misheni nilitikisa kichwa kama padri. Ndege nilimshika vizuri sana. Alikuwa amekufa.

“Sasa huyu,” Mzungu akasema.

“Weye mukristu, anza basi,” mwenzangu akaninong’oneza.

Nikaanza. Kinyonga akapanda mkono hadi shingoni, jicho moja likinitazama mimi, lingine likitazama Kabambare yote. Nilipiga kelele ambazo misheni haikunifundisha, nikakimbilia mtoni naye shingoni. Mwenzangu alinifuata, akambandua taratibu kwa vidole vyake, akamrudisha kikapuni. Kazi akapewa yeye. Mimi nilikuwa nimeshageuka kurudi kwenye pamba nilipomsikia akisema, “Bwana, huyu mutu anajua kukimbia. Umupe wavu wa vipepeo.” Mzungu akacheka, akanipa, nami nikasamehewa pamba.

Miaka yote niliamini kwamba mwenzangu yule alizaliwa bila woga. Imani hiyo ilinifaa: kama ushujaa mtu huzaliwa nao, basi lawama si yangu, ni ya mama yangu. Wiki yake ya mwisho nilimtembelea, nikamwuliza.

“Niliogopa sana, ndugu yangu,” akasema. “Ila pamba niliiogopa zaidi.”

Tukacheka hadi mke wake akanitoa nje, ili mgonjwa apumzike.